Dokta wa ng'ombe aliyemtibu paka wetu mzee hapa Tanga: nyota nne

Naanza na hela maana najua ndo mnachotaka kujua. Zilitutoka shilingi 92,000 ndani ya wiki moja, bodaboda sijahesabu, paka yupo hai mpaka leo, na dokta nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibana na sababu nitaisema. Jina simtaji, hajanipa ruhusa na wala hana bango, ni dokta wa mifugo anayezunguka na pikipiki kuanzia hapa mjini mpaka Pongwe huko na Muheza, wateja wake karibu wote ni ng'ombe wa maziwa, si mnajua mkoa huu maziwa ndo biashara. Ukiwa na shida ulizia kwa wafugaji, wanamjua.

Paka mwenyewe anaitwa Kashata, dume, rangi yake kama kashata ya nazi iliyoungua kidogo pembeni. Alikuja kwetu Ngamiani mwaka wa uchaguzi, 2010, kamtoto kanakotosha kiganja, kwa hiyo ana miaka 15, ambayo kwa paka ni mzee wa miaka sabini na kitu. Si wangu mimi, ni paka wa bibi. Na kazi yake ndani ya nyumba, ukiacha kulala, ni moja tu, kumwamsha bibi Alfajiri. Sitanii. Adhana ikitoka anapanda kitandani anamwekea bibi mkono mdomoni, kucha kazificha, bibi asipoamka anabonyeza, akijifanya hasikii anamng'ata kidole gumba cha mguu. Bibi hajawahi kutega saa miaka yote hiyo.

Sasa ile Jumatano naamka saa moja kasorobo, jua limeshatoka, namkuta bibi kakaa kitandani kapigwa na butwaa, ananambia, "Leo sijaamshwa."

Tukamtafuta. Alikuwa uani nyuma ya pipa la maji, kajikunyata, kichwa kimeinama kama mtu anasoma kitu sakafuni, udenda unamtoka, na mdomo unanuka, samahanini, kama choo cha stendi. Nikamletea kichwa cha samaki, changu, kile anachokigombania kila siku mpaka anatutia aibu kwa wageni, hata hakugeuka. Na juzi yake tu alikuwa juu ya ukuta anapigana na paka wa jirani! Ndo maana nikasema huyu kalishwa sumu, nyumba nzima tukasema sumu.

Bibi akasema mwacheni, paka akizeeka huaga, hafii mbele za watu. Shemeji yangu yeye keshachukua Panadol kaivunja nusu anatafuta kijiko aisagie kwenye maziwa. Bibi akamzuia, msimpe dawa za watu. Hakuzuia kwa elimu yoyote, alizuia kwa ubishi wake tu, na ubishi ule ndo uliomwokoa, maana dokta alikuja kutuambia baadaye kwamba ini la paka haliwezi kabisa kuivunja ile dawa, damu inageuka haibebi hewa, na kidonge kimoja cha kawaida kinatosha kumuua. Wenye paka mkisoma huku mnarukaruka basi hapo msiruke.

Mimi nikamtia kwenye kikapu cha ukindu nikampeleka duka moja la dawa za mifugo, silitaji. Yule kaka alichungulia tu kwa juu ya kaunta, kikapu hata hakukifungua vizuri, akasema "ana homa huyo," akavuta dawa kwenye bomba, akamchoma pajani, 8,000, asante karibu tena. Dakika tatu hazikufika. Nikarudi nyumbani roho imetulia kabisa, si kashachomwa sindano? Sisi tuna imani na sindano jamani, sijui nani alituroga.

Usiku ule hali ikawa mbaya zaidi. Akatapika povu jeupe mara mbili, akajaribu kwenda kwenye maji, miguu ya nyuma ikamlegea akakaa njiani. Akaweka kidevu kwenye ukingo wa bakuli, maji anayaona, hanywi. Bibi alikaa naye kwenye jamvi mpaka usiku wa manane anamsomea, sikuwahi kumwona bibi hivyo tangu msiba wa babu.

Alhamisi asubuhi ndo mama anayetuletea maziwa akakuta nyumba imenuna, kuuliza kuna nini akaambiwa, akasema mbona yupo dokta wangu wa ng'ombe, ngoja nimpigie. Saa tatu na nusu pikipiki hiyo, jamaa kashuka na gambuti, ananuka zizi, Kashata pamoja na kuumwa kote kule akasikia ile harufu akatoa macho. Bibi akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ndo wa paka?"

"Shikamoo bibi. Nimesoma wote, ila ng'ombe ndo wanaolipa."

Bibi akacheka. Kasoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, hilo niliuliza mwenyewe bila haya, baada ya yule wa jana nilikuwa simwamini mtu.

Nilichompendea ni kwamba alivua gambuti mlangoni, akanawa mikono, akakaa chini sakafuni, halafu hakumgusa paka. Dakika kumi nzima anauliza maswali tu. La kwanza, anakojoa? Nikashangaa, mtu anatapika we unauliza mkojo. Akasema dume likiacha kukojoa huenda njia imeziba, na hiyo haisubiri kesho, kwa hiyo lazima alitoe kwanza hilo kichwani. Nikasema anakojoa, tena sana, mchanga wake siku hizi unalowa mpaka chini. Akauliza na maji? Hapo ndo nikaanza kuona aibu, maana maji alikuwa anakunywa miezi mingi kama punda wa chokaa, yuko kwenye ndoo ya bafuni, yuko kwenye pipa, mpaka kwenye kata ya bibi ya udhu, na sisi tunacheka tunasema joto la Tanga hili. Kakonda lini? Tukaangaliana. Kumbe kakonda. Paka unamwona kila siku huoni, manyoya yanaficha.

Baada ya hapo ndo akamshika. Alivuta ngozi ya juu ya mabega, ikabaki imesimama palepale kama kitambaa ulichokifinya, hairudi. Fizi zimepauka, zinanata. Akambonyeza tumbo taratibu kwa mikono miwili, macho kayafumba kabisa kama anasikiliza redio ya mbali, akasema figo hizi hapa, ndogo, ngumu, moja imezidi nyingine. Kile kichwa kilichoinama akasema ni shingo imelegea, madini ya potasiamu yametoka na mkojo. Akampima uzito ndani ya kikapu, akatoa uzito wa kikapu, kilo 2.7. Zamani alikuwa anavuka nne. Akapima joto, pale anapopimiwa paka sipasemi, ikasoma 36.3, na paka mzima anatakiwa awe kati ya 38 na 39.

Yaani yule wa jana alichoma sindano ya homa kwa mnyama aliyekuwa anapoa. Dokta nilipomwonyesha kile kichupa, ile dawa ni ya jamii ya OTC, yaani oxytetracycline, antibayotiki ya mifugo, akanyamaza kidogo, akasema tu figo zikiwa zimechoka dawa hii inaweza kuziongezea mzigo. Mwenzie hakumsema vibaya. Mimi nilitaka amseme, sikuficha.

Bibi akauliza lile lililotukaa wote, mbona ghafla hivi, juzi alikuwa ukutani? Akajibu kwamba haikuwa ghafla. Figo za paka zinaumwa kimyakimya, zinabebana, zile sehemu zilizobaki nzima zinafanya kazi za zilizokufa, mpaka uje uone dalili ya kwanza ya maji mengi na mkojo mwingi, theluthi mbili ya kazi yake imeshapotea. Kisha siku moja linatokea jambo dogo, kaharisha, au kashinda juani, au maji kakosa nusu siku, ile akiba iliyobaki inamwagika yote kwa mpigo. Mi nikakumbuka Jumanne tulikuwa harusini Makorora kutwa, pipa limefunikwa, ndoo zimepinduliwa kukauka. Nikanyamaza. Sikulisema siku ile, nalisema leo.

Akachukua damu kidogo mguuni, nywele kazinyoa kwa wembe mpya. Hana mashine, kwa hiyo damu inaenda kupimwa maabara ya watu, ana makubaliano na mwenye maabara, ila dada wa mapokezi sidhani aliambiwa. Niliipeleka mimi, dokta alishaandika fomu: jina Kashata, umri 15, jinsia me. Nimekaa kwenye benchi na wagonjwa wenzangu, baada ya muda dada anatoka mbio mbio, "Ndugu wa Kashata! Ndugu wa Kashata yupo?" Nikanyoosha mkono. Kashika karatasi, ananong'ona kwa huruma, "Dada, huyu mtoto yupo wodi gani?" Kreatinini, ile taka ambayo figo zinatakiwa kuitoa kwenye damu, ilikuwa 486. Mama mmoja pembeni akaanza kunipa pole. Nilishindwa kusema ni paka wallahi, nikasema tu yuko nyumbani, wakazidi kunisikitikia, nikachukua karatasi nikaondoka na aibu yangu. Kwa paka ile namba inatakiwa isivuke 140 hivi.

Dokta kaisoma kwenye simu, akaja jioni na hakutuzungusha. Akasema namba hii ni mbaya, ila asihukumiwe akiwa mkavu, tumrudishie maji kwanza siku kadhaa ndo tupime tena, ikishuka tuna paka mwenye figo mbovu anayeweza kuishi, isiposhuka mtaniita tuongee habari ya kumpumzisha asiteseke. "Na sitaki mtumie hela kwa ajili ya kunifurahisha mimi," akasema. Bibi akamjibu, "Huyu ananiamsha niswali. Ntumie hela yangu kwa nani?" Basi ikaisha hiyo.

Dripu sasa. Nilidhani anatundikiwa mshipani kama mtu, kumbe kwa hali ile ya nyumbani wanapitisha chini ya ngozi. Chupa ya Ringer, maji ya dripu yenye chumvichumvi, tulinunua duka la dawa la kawaida, 3,000, tukailoweka kwenye maji ya vuguvugu kwanza kwa sababu alikuwa baridi, tukaitundika kwenye nondo ya dirisha kwa kamba ya mkonge, halafu sindano inaingia pale ngozi inapovutika katikati ya mabega. Inaingia kama mililita 100, na pale mabegani panavimba panakuwa nundu kabisa, dokta anacheka anasema haya bibi, sasa nimekugeuzia kawa ng'ombe, huyu ndo naweza kumtibu vizuri. Ile nundu inateremka taratibu mpaka begani, asubuhi haipo, mwili umekunywa. Pembeni tulimwekea chupa mbili za maji ya moto zimefungwa kanga, akalala katikati yake.

Kichefuchefu alimchoma dawa, akatukataza kumshindilia chakula kabla hajatulia, ila akasema pia asikae siku mbili tatu bila kula maana mafuta yanakimbilia kwenye ini na hapo unakuwa na magonjwa mawili. Ijumaa mchana nikamsagia minofu ya changu na supu yake, nikawa namtilia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, tone kwa tone. Nusu iliingia, nusu ilinirukia kwenye dera. Jumamosi asubuhi akalamba mwenyewe kidole changu. Ulimi ule unaokwaruza kama msasa, nililia hapohapo jikoni, shemeji akanikuta akadhani kafa.

Majirani walisema, watu hawaachi kusema. Binadamu wanakosa dripu nyie mnamtundikia paka. Mmoja alisema mpaka barazani, bibi anamsikia. Bibi kamwita akamkalisha akamkumbusha kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani, na kuna mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula. "Sasa we unataka niingie na huyo?" Jirani huyo huyo baadaye aliniomba namba ya dokta, mbuzi wake ana kikohozi.

Haya, nyota ya tano. Jumamosi usiku Kashata alitapika tena, kama saa mbili hivi, na safari hii kulikuwa na vidoa kama vya kahawa. Nikapiga simu. Haipokelewi. Nikapiga tena, haipatikani. Mara sita! Meseji zangu WhatsApp tiki moja. Nikampigia mama wa maziwa naye hajui. Dokta kaja kupiga saa nne na dakika ishirini, yuko ndani huko njia ya Muheza ng'ombe kashindwa kuzaa, mkono wake ulikuwa tumboni mwa ng'ombe, network hakuna. Namwelewa. Ila masaa mawili yale mimi na bibi tulikuwa peke yetu na hatukujua hata tufanye nini tukisubiri, angetuachia maagizo ya usiku toka siku ya kwanza, au namba ya mwenzie, tungelala. Akatuelekeza kwa simu, akaja alfajiri moja kwa moja kabla hajapita kwake, macho mekundu, bibi akampa chai na viazi karai. Kusema kweli hapa Tanga sikupata sehemu ya kumlaza paka usiku akaangaliwa, na hilo si kosa la mtu mmoja. Na risiti hana, ukitaka anakuandikia kwenye karatasi ya daftari, mwandiko Mungu anajua.

Mchanganuo kwa wanaotaka: kuja mara ya kwanza 20,000, mara tatu nyingine 10,000 kila moja, ile ya alfajiri hakuitoza. Maabara mara mbili 28,000. Ringer chupa tatu 9,000, mipira na sindano 5,000. Ile 8,000 ya kwanza siihesabu, ile niliitupa.

Jumanne tukapima tena. Safari hii nikamwambia dada wa mapokezi ukweli, akacheka mpaka akakaa. 301. Dokta akasema ugonjwa huu wanaugawa hatua nne, wetu yuko ya tatu, hatapona, hizo figo hazirudi, ila ataishi siku zake kwa raha tukimwangalia. Akanifundisha kumchoma dripu mwenyewe, mara ya kwanza nikatoboa ngozi mpaka upande wa pili, maji yakamwagikia kanga, Kashata akanitazama jicho lile la kukudharau.

Chakula kimebadilika. Dagaa wakavu na ng'onda basi, chumvi na mifupa, ile fosforasi ya kwenye mifupa inazidi kuzimaliza figo zilizokwisha kuumwa. Sasa ni samaki fresh bila mifupa au kuku wa kuchemsha na wali kidogo. Binamu alituma toka Dar kwa basi chakula maalumu cha paka wa figo, bei yake sisemi bibi asije akasoma, Kashata kanusa, akaanza kukwangua sakafu kama anafukia kinyesi, akaondoka. Dokta kasema msigombane naye, bora ale kisicho sawa kuliko asile. Maji sasa yapo bakuli nne nyumba nzima, na tukienda harusini pipa haliwekwi mfuniko.

Huu ni mwezi wa tatu tangu aumwe. Dripu ni mara mbili kwa wiki, bibi kachagua Jumatatu na Alhamisi, eti kama funga ya sunna hatutasahau. Uzito umefika kilo 3.1. Bibi anaamshwa, ila siku hizi Kashata hawezi kuruka kitandani, anakaa chini analia mpaka bibi atoe mguu nje ya neti.

Leo Alhamisi. Chupa ipo kwenye beseni inapata joto, naandika huku naisubiri, na mwenyewe keshaisikia kamba ya mkonge, kaingia nyuma ya friji, mkia umebaki nje.